Makala Inayonukuliwa Kuliko Zote

Mjomba Mkubwa, kaka yangu, uliyeketi kwenye kiti cha mikono kwa haki ya umri wako. Wadogo zangu mliobaki. Dada mkubwa wa nyumba hii, mwenyeji wetu. Wakwe zetu, ambao mmeoa na kuolewa kwetu na kwa hiyo mnastahili kujua mlichokiingia. Wapwa na wajukuu. Nanyi vijana mliojibanza kwenye mlango wa jikoni mkidhani siwaoni: nawashukuru kwa kuitika wito.

Nimekalia kiti cha hakimu sehemu kubwa ya maisha yangu, na wote mnanijua. Sipandishi sauti. Leo pia sitaipandisha, na yeyote atakayetaka kulia namwomba alie kimya, kwa sababu nitasoma, na nataka kila neno lisikike.

Nilizonazo mkononi ni barua zilizoandikwa kati ya watoto wawili wa marehemu mdogo wangu, tuliyemzika tarehe kumi na tisa Februari. Ishikeni tarehe hiyo. Mwandishi mmoja ni mwanawe wa kiume, ambaye nyumba hii humwita Profesa tangu akiwa mtoto, siku alipomsahihisha mgeni wa baba yake mezani na mgeni akaondoka kabla ya chai. Mwingine ni binti yake wa mwisho, mhariri wa vitabu vya shule, ambaye sisi humwita Kitinda. Kitinda ameniruhusu nisome, akanipa na nakala za barua zake mwenyewe. Profesa hajaniruhusu, sikumwomba.

Kwa wakwe zetu wapya, nieleze kwa ufupi. Profesa anafanya utafiti wa vinasaba kwa kompyuta. Watu hutoa damu, mashine huisoma, na inachotema ni lundo la herufi lisilo na mwisho. Yeye huandika programu ya kutafuta ndani ya lundo hilo kile kinachomtenganisha mgonjwa na mzima. Dada zangu wawili walikufa kwa saratani ya mifuko ya mayai. Baada ya msiba wa pili Profesa alitukodia basi, akatupeleka kwenye taasisi yake, tukatoa damu ukoo mzima. Ikatoka makala. Ilisema ipo alama katika damu yetu, na kwamba mwanamke mwenye alama hiyo asingoje kuugua. Kitinda alikutwa nayo. Mwaka jana mwezi Mei, akiwa na miaka thelathini na mbili na pete ya uchumba kidoleni, alilazwa akatolewa mifuko yake ya mayai. Mpwa wake, Chiriku wetu, binti wa Dada mkubwa mwenyeji wetu, huyo aliyekaa pale akiwa kimya isivyo kawaida yake, naye alikutwa nayo. Yeye alipangiwa Aprili ya mwaka huu.

Sasa nasoma. Nitasoma zilivyo, pamoja na yale ambayo yatawachoma baadhi yenu.

*

Tarehe 12 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo sote, isipokuwa Mama, ambaye kifua kinambana tangu mwaka uanze. Analala ameegemea mito mitatu kama malkia aliyechoshwa na wageni. Anakusalimu, na ameniagiza nikuulize kama unakula. Dada amepaka sebule rangi ya kijani ambayo hakuna kati yetu anayethubutu kuitolea maoni. Shemeji anasema ukikaa humo muda mrefu unajihisi umo ndani ya chupa ya dawa, lakini husema hivyo akiwa nje.

Mhandisi, kama hujasikia, amevunja uchumba wetu na kuchukua pete yake. Alikuja amevaa suti. Alisema kwa upole sana kwamba yeye hana tatizo, ila mama yake anataka wajukuu. Nikamwambia ampe pole mama yake, kwa kuwa alipata mtoto mmoja tu na ndiye huyo.

Sasa neno lililonifanya niketi kuandika. Chiriku amepewa tarehe ya upasuaji, Aprili ishirini na nne. Juzi alinifuata ofisini, akakaa juu ya marundo ya vitabu vya darasa la nne, akaniuliza, "Mama mdogo, inauma?" Nikamjibu kidonda hakiumi sana. Akauliza, "Basi kinachouma ni kipi?" Nikamtuma akaniletee maji ya kunywa.

Daktari wake ni mgeni pale hospitalini. Amemwambia kwamba imetoka makala nyingine inayopingana na yako, naye angependa kusikia kutoka kwako kabla hajashika kisu. Mimi makala hizo sizielewi. Naomba uniandikie kwa lugha ya binadamu: ile alama ipo au haipo?

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima wa afya, ingawa kazi imenielemea na ndiyo sababu ya kuchelewa kujibu. Mpe Dada hongera kwa rangi. Mama mwambie anywe dawa kwa saa zake na aache kujitibu kwa maji ya moto. Kuhusu Mhandisi, hukupoteza kitu. Mtu anayepima fremu za milango ya ukweni kabla hajaoa, huyo alikuja kukagua, hakuja kuchumbia.

Umeniuliza kuhusu makala. Nadhani huku nyumbani hamjapata kuelewa ni kitu gani kile. Katika fani yetu makala nyingi huzaliwa, husomwa na mwandishi na mke wake, zikafa. Ikinukuliwa mara mia na watafiti wengine, wenzako hukununulia chakula cha mchana. Makala ile yangu, hadi jana jioni, imenukuliwa zaidi ya mara elfu moja na mia nne. Ndiyo inayonukuliwa kuliko zote katika taasisi hii tangu iasisiwe. Kipimo changu cha nukuu kimempita mkuu wa idara, mtu aliyenitangulia kwa miaka ishirini, na sasa tukikutana kwenye lifti anatazama viatu vyake. Kamati ya uprofesa kamili inaketi baada ya miezi michache, na faili langu ndilo nene kuliko yote.

Jiulize basi. Watu elfu moja na mia nne wanaweza wote kukosea, akapatia mmoja?

Hiyo makala nyingine imeandikwa na binti aliyekuwa mwanafunzi wangu. Tuliachana vibaya. Zaidi ya hapo sina la kusema. Chiriku na afuate ushauri wa daktari wake, ushauri ambao, kama daktari huyo anasoma, utakuwa umetoka kwenye makala yangu.

Kaka yako

*

Ndugu zangu, hapa nasimama kidogo.

Siku kumi baada ya barua hiyo tulimzika mdogo wangu. Wengi wenu mliona nafasi iliyo wazi kando ya kaburi, na kwa miezi hii yote mmekuwa mkisema jikoni na kwenye magari kwamba Profesa alikataa kuja kumzika mama yake. Hakukataa. Hakujua.

Mnakumbuka kwamba aliagiza habari zote za nyumbani zipitie kwa Kitinda, na ziwe kwa barua, kwa sababu simu zinamkatiza kazi. Usiku ule Kitinda alimpigia, akapiga tena, na tena. Jibu lililorudi lilikuwa ujumbe wa maneno matatu: "Niko kikaoni. Andika." Kitinda alichukua karatasi. Akaandika salamu, akafika mahali pa kumtaja mama, akaiweka kalamu chini. Amenieleza mwenyewe kwa nini, nami nawapa maneno yake: "Nilisema nitamwambia siku atakapouliza, Mama hajambo? Sikutaka zaidi ya hapo. Aulize tu."

Sikilizeni sasa barua zinazofuata, kisha mwone kama aliuliza.

*

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu,

Wanakusalimu Mjomba Mkubwa, Mama Mkubwa, Dada na mume wake, Chiriku, majirani wa ghorofa ya juu, na paka. Mvua zimetuchelewesha mambo mengi. Nyumba imekuwa na watu wengi mwezi huu. Sasa wameondoka, na viti tulivyoazima vimerudishwa kwa wenyewe.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kusoma majibu nyuma ya kitabu na kuona kama yanalingana na maswali ya mbele. Yako hayalingani. Nilikuuliza kama alama ipo. Umenijibu kurasa mbili kuhusu lifti. Mtoto wa darasa la nne akifanya hivyo tunamwandikia kwa wino mwekundu: soma swali tena.

Basi soma tena. Na nina swali jingine dogo. Katika hao wanaokunukuu, wangapi wamekutaja kwa kukubaliana na wewe, na wangapi kwa kukukosoa? Mama Mkubwa anasema katika mahakama yake waliotajwa mara nyingi kuliko wote walikuwa wezi.

Huyo mwanafunzi wako anasema nini hasa? Niambie wewe, ili nisilazimike kumwuliza yeye.

Kitinda

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nafurahi kusikia mna wageni. Nyumba ile ilikuwa imeanza kupoa.

Mzaha wa Mama Mkubwa ni wa mahakamani, na ubaki huko. Nukuu ni nukuu. Mashine inayohesabu haitazami kama mtu alikuwa amekasirika alipokutaja.

Umetaka kujua binti yule anasema nini. Nitakuambia, ili uone udogo wake. Anasema damu ya wagonjwa wetu ilisomwa kwa mashine ya zamani, ambayo ina kasoro yake ya kusoma, na damu ya wazima ikasomwa kwa mashine mpya. Kwa hiyo, anadai, programu yangu haikutenganisha wagonjwa na wazima. Imetenganisha mashine mbili, nami nikaipa kasoro ya mashine jina la ugonjwa. Alikuja na hoja hii ofisini kwangu mwezi Machi mwaka jana, akiwa ameshika mchoro wenye rangi mbili, nyekundu huku na buluu kule. Nilimwambia kamati ya kwanza ya faili langu inaketi kesho yake, na mchoro ule unaweza kungoja. Hakutaka kungoja. Nilimwondoa maabara wiki ileile. Ona sasa shukrani yake.

Kuna jambo moja la haraka. Binti huyo amelalamika kwa jarida, na jarida, kwa kujikinga tu, linataka ridhaa mpya kutoka kwa kila aliyetoa damu. Naambatisha fomu. Mstari wa kwanza ni wa Mama. Huyo ndiye nguzo ya makala nzima: mwanamke mzee wa ukoo uleule, ndugu wa wagonjwa wawili, asiye na alama na asiyeugua. Bila mstari wake jedwali halisimami. Mwambie atie saini kabla ya wengine, kisha wafuate kwa mpangilio. Nahitaji karatasi hiyo kabla ya mwisho wa Aprili.

Wasalimie wote.

Kaka yako

*

Amemtaja mama yake, mmesikia. Amemtaja kama nguzo ya jedwali. Naendelea.

*

Tarehe 8 Aprili

Profesa,

Wote wanakusalimu. Sitawataja, usije ukapoteza muda kuwatafuta kwenye orodha.

Umesema Machi mwaka jana. Nimesoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Binti yule alikuonyesha mchoro Machi. Aprili daktari wangu alitaka nipimwe tena katika maabara nyingine, nawe ukamwandikia barua ambayo alinipa nakala, kwa sababu alidhani ingenipa moyo: "Kipimo cha pili ni cha nini? Mwandishi ni mimi." Mei nikalazwa. Ulinitumia maua. Yalikuwa mazuri.

Sasa nikukumbushe siku ya basi, kwa kuwa wewe ulikuwa ukikimbia kimbia na koti jeupe na pengine hukuona. Waliofika asubuhi walikaa kwenye benchi la upande wa dirisha, na Mama aliitwa wa kwanza kwa heshima ya kuwa mama yako. Mimi na Chiriku tulichelewa. Alitaka soda, kibanda kilikuwa na foleni, nikamwambia haya, tutangoja. Tulipofika fundi wako alikuwa amefungua ile mashine mpya na kutoa matumbo yake nje, imeharibika. Akatuambia waliobaki wakae benchi la upande wa ngazi, damu yao itaenda kwenye chumba cha mashine ya zamani. Tulikaa pale sita. Wote sita tuna alama. Wa benchi la dirisha hakuna hata mmoja aliye nayo.

Na wa sita alikuwa nani? Alikuwa Shemeji, mume wa Dada, ambaye si wa damu yetu hata tone. Alitoa damu ili kumwonyesha mkewe kwamba haogopi sindano. Naye akakutwa na alama ya kurithi ya ukoo ambao ameuoa tu. Tulicheka sana mezani. Ulicheka kuliko wote, ukasema chupa zimechanganyika, ukamfuta kwenye jedwali. Ukabakiza sisi watano, kwa sababu sisi tulifaa.

Kaka, nimepoteza watoto wangu kwa sababu ya soda. Nimeiandika sentensi hiyo nikaihariri mara nyingi, na haipungui neno.

Sikuombi pole. Nakuuliza jambo moja, na ninataka jibu la neno moja kabla ya tarehe ishirini na nne. Chiriku aende au asiende?

Mama hatatia saini.

Kitinda

*

Hii ya mwisho ni yake. Shemeji, keti. Najua ulikuwa hujui, keti.

*

Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote.

Umeniandikia kwa hasira na nitakujibu kwa utulivu, kwa kuwa mmoja wetu lazima awe mtu mzima.

Aende.

Fikiri. Jarida linanichunguza. Endapo mtu wa damu yangu mwenyewe atakwepa upasuaji wiki hii, binti yule atalisikia kabla ya jioni, na kesho yake litakuwa kwenye kila maabara kwamba hata ndugu zake Profesa hawamwamini. Kamati inaketi Mei. Kwa miaka yote hii nimeishi kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, nikala chakula cha mashine ya sarafu, nikaacha mke akaondoka, na faida yake yote ni makala hiyo. Ikiondolewa, kila nukuu inaondoka nayo. Sitabaki na jina hata la kuandika mlangoni.

Wewe hasara yako imeshapita. Kuondoa makala hakutakurudishia kitu. Mimi yangu bado haijafika. Piga hesabu mwenyewe, nani ana cha kupoteza? Na tuseme ukweli, ulikuwa na miaka thelathini na mbili na hukuonyesha haraka yoyote. Chiriku ni kijana, atapona upesi, na kuna watoto wengi duniani wanaohitaji kulelewa. Kama alama ipo, tumemwokoa. Kama haipo, amepoteza kitu ambacho hajawahi kukitumia.

Kuhusu Mama, usiniambie hatatia saini. Mshawishi. Wewe anakusikiliza kuliko sisi wote. Mwambie ni mwanawe anayeomba, na hajamwomba kitu kwa miaka mingi. Kama mkono unatetemeka, dole gumba linatosha. Wino nimeuweka ndani ya bahasha.

Kaka yako

*

Wino ni huu. Uliingia kwenye bahasha pamoja na barua, kichupa kidogo chenye mfuniko wa buluu.

Nimehukumu watu waliofanya mabaya makubwa kuliko haya kwa vipimo vya sheria. Karibu wote walikuwa na sababu, na sababu hizo zilikuwa njaa, au pombe, au hofu. Sijapata kumwona aliyesema kwa maandishi, kwa lugha fasaha, kwamba mtoto wa dada yake akatwe ili idadi ya nukuu isipungue.

Sasa niseme yaliyokwisha kufanyika na yaliyobaki.

Chiriku hakwenda. Tarehe ishirini na nne alikuwa kwangu, anakula na kuongea mpaka nikatamani angekwenda angalau kwa saa moja. Mnacheka, chekeni, tumepungukiwa na kicheko. Daktari wake alipeleka damu yake kwenye maabara nyingine, na ya Kitinda pia, kwa ombi la Kitinda mwenyewe. Majibu yametoka juzi. Chiriku hana alama hiyo. Kitinda hana. Hakuwahi kuwa nayo. Aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza kama nina chai.

Lakini makala bado ipo. Wakati ninapozungumza nanyi inaongezeka, yupo mtu mahali anainukuu, na yupo daktari mwingine, asiye mdadisi kama wa Chiriku, anayemwambia mwanamke wa watu asingoje. Wanawake hao hawana mama mkubwa aliyekuwa hakimu wala mama mdogo mhariri. Kwa hiyo hatukukutana hapa kulia juu ya Kitinda. Ameniambia atakayemlilia atamsahihisha.

Nimemwandikia mhariri wa jarida. Amenijibu kwamba hawawezi kuiondoa makala kwa tetesi za mwanafunzi aliyefukuzwa, ila ipo njia isiyopingika: watoa damu wenyewe wakiondoa ridhaa yao, jedwali linavunjika, na makala inaondolewa. Utaratibu wao ni kwamba fomu itumwe kwa mwandishi, naye athibitishe kwa mkono wake kila mstari, mmoja mmoja, akianzia wa kwanza, na asiruke hata mmoja.

Naona Mjomba Mkubwa umeinua mkono. Sema, kaka.

"Nauliza hivi. Huyu mtoto, pamoja na yote, ni mtoto wetu. Mama yake amekufa na hajui. Wewe na sheria zako, si tumpigie simu hapa hapa, sasa hivi, tumwambie, kisha ndiyo tuendelee na makaratasi yenu?"

Umeuliza vema, na nilitegemea ungeuliza. Nami niliwaza kama wewe. Yule ni mwana wa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Nilimwambia Kitinda kwamba alichofanya kwa kunyamaza kina ukatili wake, na yeye hakubisha. Akasema, "Najua, Mama Mkubwa. Bado nangoja aulize." Basi jana mchana, Dada mkubwa akiwa shahidi, niliichukua simu yangu mwenyewe, ambayo namba yake anaijua tangu akiwa mwanafunzi, nikampigia. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Baada ya muda likaja jibu, na Dada mkubwa yuko hapa, atanisahihisha nikikosea hata herufi. Au simu hii hapa, Dada mkubwa, wasomee wewe.

"Siwezi kulisoma, Mama Mkubwa. Lisome wewe."

Lilisema: "Niko kikaoni. Andika."

Basi, kaka yangu, tunaandika.

Uamuzi ambao naomba kikao hiki kiutekeleze kabla ya mtu yeyote kuinuka hapa ni huu. Fomu ya kuondoa ridhaa ni hii juu ya meza. Nimefuata mpangilio uleule wa jedwali lake, jina kwa jina, kama alivyotaka. Kila aliyetoa damu siku ile atatia saini, na Shemeji, uliyefutwa, nimekurudisha kwenye mstari wako, utasaini pia. Asiyetaka kusaini ana haki hiyo, na atanieleza sababu yake huku Chiriku akimtazama.

Mstari wa kwanza ni wa mdogo wangu. Mahali pa saini hatutagusa. Pembeni yake, penye nafasi ya maelezo, nimeandika kwa mkono wangu neno "amefariki" na tarehe ya kifo chake, kama fomu inavyodai, bila neno la ziada. Profesa alimjulisha Kitinda hatima yake kwa mstari wa jedwali. Naye atajulishwa ya kwake kwa mstari wa jedwali, na atauthibitisha kwa mkono wake. Bahasha itaondoka leo.

Kitinda, sogeza taa. Vijana, tokeni hapo mlangoni mpishe watu wapite. Mjomba Mkubwa, kalamu hii hapa, na kwa atakayehitaji dole gumba, wino upo.

Anza mstari wa pili.